Sikio la Kushoto la Fundi Bulonza

Maman Asumini alikuja kuchukua simu yake kwa fundi Bulonza mara ya tatu siku ya Jumanne, na mara hiyo hakuja na hasira. Alikuja na huruma, jambo ambalo kwa fundi ni baya zaidi. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, meza yake ilikuwa upande wa pili wa soko la Nyawera, mjini Bukavu, na alikuwa mpole kiasi kwamba hata akikulaumu unabaki umeshukuru.

Simu yenyewe aliileta kwa sababu ya kioo. Kilipasuka, akataka kingine, basi. Bulonza alibadilisha kioo ndani ya saa moja, kisha akaijaribu kama alivyozoea kujaribu simu za watu kwa miaka kumi na saba: aliipigia kwa simu nyingine, akaiweka kwenye sikio la kushoto, maana mkono wa kulia huwa umeshika bisibisi. Hakusikia kitu. Akamwambia mteja kwamba spika nayo imekufa. Akatia spika mpya, akajaribu, kimya. Akalaani spika za siku hizi, akatia nyingine, kimya tena. Siku ya Jumanne alikuwa ametia ya tatu.

"Maman, hii telefoni yako iko na ugonjwa ingine," alimwambia. "Nilitia spika tatu na zote hazisemi. Nawaza ni bodi yenyewe ndiyo ilikufa."

"Leta nisikie, papa."

Maman Asumini akaiweka sikioni, akampigia binamu yake Rahima kule Uvira. Rahima akapokea. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakafika kwenye habari ya harusi ambayo wali wake ulikuwa umeungua, na Rahima alisimulia kwa sauti nzuri kiasi kwamba Thierry, fundi wa meza ya jirani, alicheka akiwa ameketi mita mbili kutoka hapo.

Bulonza alinyoosha mkono, akapewa simu, akaiweka sikio la kushoto. Kimya kama ndani ya jiwe. Akaihamishia kulia. Rahima alikuwa anauliza, "Nani huyu iko napumua mu telefoni?"

Bulonza aliirudisha simu polepole.

"Maman," alisema, "kumbe telefoni haina kitu. Ni miye."

Mchana ule, wateja walipopungua, alivuta kopo alilokuwa akitupia spika zilizokufa. Akazijaribu moja moja, kwa sikio la kulia. Kumi na moja zilikuwa nzima. Maana yake ni kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akiwatolea watu kitu kizima na kuwatilia kitu kizima, na juu ya hayo kuwapa pole. Thierry alianza kuisambaza hadithi hiyo kwenye galeri yote ya mafundi, lakini alichelewa, kwa kuwa Bulonza aliisambaza mwenyewe kwanza. "Miye ni fundi wa kwanza wa Bukavu," aliwaambia, "mwenye kurekebisha telefoni zenye hazikuharibika."

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mwembamba, mwenye tabia ya kujicheka kabla hujamcheka. Aliishi Kasha, juu kule Bagira, pamoja na mkewe Gisèle, na binti yao Chantal alikuwa ameolewa Kavumu. Jioni ile alipomweleza Gisèle habari ya spika, mkewe aliendelea kumenya mihogo bila kuinua macho.

"Mwaka muzima naongea na weye kitandani," alisema, "na weye unanipa mugongo na kunyamaza. Nilisema labda bwana yangu amekuwa mutu wa kufikiri."

Basi, ukweli ulikuwa umeanza zamani. Kulikuwa na ule mlio, kwa mfano. Ndani ya sikio la kushoto kulikuwa na sauti kama ya friji kuukuu inayohangaika, usiku na mchana. Bulonza aliwahi kuamka mara mbili kwenda kuzima friji, na mara zote mbili akiwa amesimama katikati ya sebule alikumbuka kwamba hawana friji. Hakumwambia mtu. Mtu atasemaje jambo kama hilo?

Alianza na nta. Muuguzi wa kituo cha jirani alimpulizia maji ya uvuguvugu sikioni hadi yakamlowesha shati, akatoa kipande kidogo cha nta, wote wawili wakakitazama kwa matumaini. Hakikubadilisha kitu. Halafu miguu nayo ikaanza.

Barabara za Kasha hazimtaki mtu mwenye mashaka. Ni mteremko, ni udongo mwekundu, na mvua ikinyesha hata mbuzi hufikiri mara mbili. Bulonza alizipanda na kuzishuka tangu utotoni bila kuzifikiria. Sasa kila alipogeuza kichwa ghafla, mlima mzima ulisogea kidogo upande wa kushoto, naye akaufuata. Alijikuta akigusa kuta za watu. Jioni moja, mwanga ukiwa umepungua, aliweka mguu kwenye ubao unaovuka mtaro mbele ya nyumba ya mjane Adèle, ubao aliouvuka mara elfu, na ubao ukabaki mahali pake huku yeye akienda kwingine. Alitua katikati ya matembele ya Adèle. Alipojaribu kusimama akaanguka tena, safari hii kwenye maharagwe.

Adèle alitoka mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, mwenye sauti ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani.

"Papa Chantal," alisema, "kama unataka mboga, omba tu."

Alimsaidia kuinuka, akampangusa matope, hakuuliza kitu. Lakini watu wengine walikuwa wameona, na kufikia Jumapili mtaa mzima ulijua kwamba fundi Bulonza ameanza kunywa. Hakunywa. Chupa moja ya Noeli ilimtosha hadi Pasaka. Hilo halikumsaidia: mlevi ndiye wa kwanza kusema hanywi, na Bulonza alivyozidi kuapa ndivyo alivyozidi kuyumba.

Shemeji yake Pascal, kaka mkubwa wa Gisèle, mtu wa heshima pale parokiani, alikuja kumshauri. Aliketi karibu naye kwenye kochi, upande wa kushoto, akashusha sauti ili kumsitiri, na akazungumza karibu nusu saa. Bulonza aliona midomo ikienda, aliona mkono ukipigwa juu ya goti, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kila alipoona panafaa. Mwishoni Pascal alikuwa na machozi. "Aksanti, shemeji," Bulonza alimwambia. "Maneno yako yamenigusa." Na Pascal akaenda zake akiamini amemwokoa mtu.

"Alisema nini?" Bulonza alimuuliza mkewe.

"Alisema umekubali kuacha pombe."

Ndipo Gisèle akaamua. Asubuhi iliyofuata alimpeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio mjini, na akaingia naye ndani ili yeye pia aelezwe, kwa kuwa, alimwambia daktari, huyu mutu anasikia nusu na hiyo nusu anaisahau. Daktari alikuwa kijana mwenye miwani. Alimgongea Bulonza uma wa chuma unaolia karibu na sikio hili na lile, akamfungia kwenye chumba kidogo chenye vipokea sauti, akamtaka atembee mstari mmoja macho yamefungwa. Bulonza alipiga hatua nne na kumkumbatia muuguzi.

"Nataka upigwe picha ya ndani ya kichwa," daktari alisema. "Ya IRM. Itabidi muende Kigali."

Walivuka mto Ruzizi alfajiri, wakaingia Rwanda, wakapanda basi Kamembe. Barabara ile hupita msitu wa Nyungwe kwa kona ambazo hazijui huruma, na kufikia kona ya ishirini basi zima lilikuwa linashika mifuko ya kutapikia. Bulonza alikaa wima, mtulivu, akitazama miti. Kwa miezi alikuwa amezoea dunia inayozunguka, na sasa wengine wote walikuwa wamekuja kumtembelea humo. "Karibuni," alimwambia jirani yake aliyekuwa amefumba macho. Gisèle, akiwa kijani usoni, alimwomba anyamaze.

Picha zilirudi Bukavu ndani ya bahasha kubwa, na daktari akazibandika kwenye taa. Alionyesha kwa kalamu doa jeupe la ukubwa wa punje ya haragwe, ndani kabisa, nyuma ya sikio la kushoto. Ni uvimbe, alieleza, umeota juu ya mshipa wa fahamu unaopeleka sauti na usawa wa mwili kwenye ubongo. Si saratani. Hausambai. Kwa kawaida unakua polepole sana, pengine hauendelei kabisa. Wa kwake una milimita kumi na nne.

Bulonza alikuwa amejitayarisha kwa mzaha, alikuwa nao tayari mdomoni, na mzaha haukutoka. Alitazama lile doa. Alijiona mtu aliyeambiwa kwamba kuna mgeni ameishi nyumbani kwake miaka mingi, akila, akilala, bila kubisha hodi.

"Atakufa?" Gisèle aliuliza.

"Hapana, maman. Kwa sasa tunangoja. Arudie picha baada ya miezi sita, halafu kila mwaka. Kama inakua, tutaongea juu ya operesheni ama miale. Kama haikui, tunaiacha. Ila hii sikio haitarudi, na miguu itabidi ifundishwe upya."

Bulonza alisogea karibu na picha. Sasa aliitazama kama fundi. "Docteur," alisema mwishowe, "unajua hii inafanana na nini? Wakati unalehemu bodi ya telefoni, tone ya risasi inaangukaka fasi haitakiwe. Inagusa nyaya mbili pamoja. Telefoni inawaka, lakini inafanya ujinga."

"Ni hivyo kabisa," daktari alisema.

"Basi Mungu ananilipa. Nimeacha hizo tone mu telefoni za batu miaka kumi na saba."

Yakafuata mafunzo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye kila mtu alimwita kiné, alimwandikia kazi za kufanya nyumbani: kukaza macho kwenye alama ukutani huku ukitikisa kichwa kama anayekataa, kusimama kwa mguu mmoja, kutembea kisigino kikigusa vidole. Uani kwake Kasha hakukuwa na ukuta wa kumficha. Kila asubuhi, majirani wakienda kuchota maji, walimwona mlevi aliyeokoka akisimama mbele ya mlango, akiukatalia kwa kichwa, kisha akitembea kama kuku anayepima shamba. Wengine walianza kumwombea. Aliwashukuru kwa mkono, akaanguka, akaendelea.

Alijifunza mambo mengine ambayo hayakuandikwa na kiné. Njiani Gisèle alitembea upande wa kulia, siku zote, hata kama huko ndiko kuna tope. Alikuwa anafunga meza yake Nyawera kabla jua halijapungua, kwa sababu gizani macho hayakuweza kuisaidia miguu. Pikipiki zilikuwa hatari kuliko zote: alisikia honi lakini hakujua inatoka wapi, maana kwa mtu mwenye sikio moja sauti zote hutoka kulia, na mara mbili aliikwepa pikipiki kwa kuifuata. Alinunua fimbo. Kulikuwa na faida moja tu, na aliitangaza kwa wote: ukilalia sikio zima, hata mbwa wote wa Bagira wakikutana chini ya dirisha lako, unalala.

Kubwa zaidi lilikuwa kuitikia kwa kichwa. Panapokuwa na watu wengi wakisema pamoja, sikio moja halichagui. Linamimina kila kitu kwenye sufuria moja. Kumwambia kila mtu "sema tena" kunachosha, kwa hiyo Bulonza alikuwa anaitikia kwa kichwa na kutabasamu. Hivyo ndivyo alivyokwenda kwenye mkutano wa bomba la maji.

Bomba lile la mtaa lilikuwa na miaka miwili likitoa maji kama linalia, tone baada ya tone, na wanawake walikuwa wanashuka bondeni na vidumu. Mkutano ulifanyika darasani. Watu walikuwa hamsini, wote wakizungumza, na juu ya wote ilisikika sauti ya Mushagalusa, mwenye duka la simenti, mtu mnene aliyekuwa na sauti ya kutosha watu wanne. Bulonza alikaa nyuma. Aliona vichwa vikigeuka kumtazama. Mtu mmoja akamuuliza kitu. Alitabasamu, akaitikia kwa kichwa. Watu wakapiga makofi, naye akapiga makofi pamoja nao, kwa nguvu, ili asionekane hakuelewa.

Walipokuwa wanarudi, Gisèle alihamia upande wake wa kulia.

"Hongera, prezida," alisema.

"Prezida wa nini?"

"Wa komite ya mayi. Walikuuliza kama unakubali. Uliitika, ukajipigia na mikono."

Alisimama njiani akiegemea fimbo. Alitaka kurudi kuwaambia ni makosa, lakini Gisèle alimkumbusha kwamba itabidi aeleze mbele ya mtaa mzima kwa nini alijishangilia. Akaona heri aongoze.

Mkutano wake wa kwanza ulidumu dakika kumi na haukumfikisha popote. Walisema wote pamoja, naye akaona midomo hamsini na kusikia friji. Mkutano wa pili alikuja na mpango, uliotokana na aibu, si na hekima. Aliweka viti viwili mbele, kimoja chake na kingine upande wake wa kulia.

"Wandugu," alisema, "munajua miye sikunywa. Niko na kitu mu kichwa kama haragwe. Sikio ya kushoto ilikufa, hii ya kulia inaweza kubeba mutu mumoja tu. Mwenye kutaka kusema atakuja kukaa hapa, aseme peke yake. Akiisha, atarudi. Kama munasema pamoja, nitaitika kila kitu, na munajua matokeo yake, ndiyo miye hapa."

Walicheka, na kwa kicheko kile habari ya pombe ilikufa. Kisha wakaja mmoja mmoja. Mushagalusa alikuja wa kwanza, akasema kwamba shida ni kampuni ya maji, kwamba aandikiwe waziri. Alikaa kile kiti, hakuwa na wa kumshinda kwa kelele, akajikuta amemaliza upesi. Wa tano alikuwa Adèle. Alikaa, akaweka mikono juu ya magoti.

"Papa Chantal, mabomba haikuharibika huku kwetu," alisema kwa ile sauti yake ndogo. "Iko napasuka kule juu, chini ya ukuta mupya ya papa Mushagalusa. Walipochimba musingi, niliona udongo inaloa, na hata wakati wa jua ile fasi haikaukake. Mboga ya pale inamea yenyewe."

"Na hukusema?"

"Nilisema mikutano minne."

Hakuna aliyekumbuka, na kila mmoja alijua ni kwa nini. Bulonza naye alijua. Mwenyewe alikuwa amekaa kwenye miwili ya mwanzo ya mikutano hiyo minne akiwa na masikio mawili mazima, na hakusikia.

Mushagalusa alikataa kwanza, kisha akanung'unika, kisha Jumamosi ya salongo, siku ya kazi ya pamoja, alikuja na sururu yake mwenyewe. Walichimba kando ya ukuta. Hawakufika hata goti, maji yakawarukia usoni. Bomba lilikuwa limepigwa na jembe la waashi na kuzikwa hivyo hivyo. Mushagalusa alitoa simenti na bomba jipya bila kuombwa mara mbili, na akaomba radhi kwa sauti ndogo ambayo watu hawakujua anayo. Prezida, aliyekuja kusimamia kazi, aliinama kutazama, dunia ikageuka, na akaingia shimoni mzima mzima pamoja na fimbo. Walimtoa akiwa tope hadi nyusi. "Nilitaka kupima kina," alisema.

Maji yalirudi. Kile kiti cha kulia kilibaki, na kamati ya barabara ilikuja kukiazima.

Picha ya pili ilifanyika baada ya miezi sita, ya tatu mwaka uliofuata. Hiyo ya tatu ilionyesha milimita kumi na tano. Daktari alisema milimita moja inaweza kuwa ukuaji, inaweza kuwa namna mashine ilivyopima, wasubiri. Bulonza alisema sawa. Moyoni hakuwa sawa sana, lakini alikuwa amekwisha kugundua kwamba mtu anaweza kubeba hofu ndogo kila siku, kama anavyobeba simu mfukoni.

Lakini kabla ya jibu hilo, siku ya picha ya tatu, walikuwa wamepanda basi la kurudi kutoka Kigali, na kwa mara ya kwanza Gisèle alikaa upande wa kushoto. Basi lilipoanza kupanda, Bulonza aliona kwenye kioo cha dirisha kwamba mkewe amegeukia sikio lake lililokufa na midomo yake inasema kitu, taratibu, kwa muda mrefu.

"Unasema nini?" aliuliza. "Unajua huko sisikie."

"Sikuwa naongea na weye," alisema Gisèle. "Nilikuwa naambia ule mugeni wako. Nilimwambia amefika fasi ya kutosha, asiongezeke."

Bulonza aligusa sikio la kushoto.

"Ule naye hatasikia," alisema. "Aliharibu waya mwenyewe."

Gisèle aliegemea bega lake, akafumba macho kwa ajili ya zile kona, na upande wa kushoto basi lilikuwa kimya kabisa, isipokuwa ile friji.